Namba Moja, Wanawake Wanne

Jumamosi, 8 Machi

Daktari wa presha ameniambia ninunue daftari, kila siku niandike nimeamkaje na nini kimenisumbua roho. Nikamwambia, daktari, mimi shule niliishia darasa la nne, na huko kwenyewe nilikuwa nakaa karibu na dirisha nikitazama nje. Akasema, andika hivyohivyo unavyoongea. Basi naandika hivyohivyo.

Leo nimeamka vizuri. Tumekwenda ile hospitali binafsi ya kule juu kwenye lami, walikuwa na siku ya kupima wanawake bure, kipimo cha mlango wa kizazi. Tulikuwa wanne. Mimi, binti yangu wa kwanza, mkwe wangu, mke wa mwanangu wa kiume, na jirani yangu fundi cherehani ambaye mtaa mzima unamwita Mama Pindo, kwa sababu nguo akishaipinda yeye itachanika kwingine kote lakini si hapo. Mtoto hana, hilo pindo ndiyo mtoto wake, husema mwenyewe.

Foleni ilikuwa ndefu na yeye ndiye aliyeifupisha. "Bi Wasiwasi," ananiambia mbele za watu, "ukiingia humo usianze kumpa daktari historia ya ukoo wenu. Panda kitanda, tazama dari, shuka." Watu wakacheka mpaka nesi akatoka kutazama kuna nini. Bi Wasiwasi ndiyo mimi, yeye ndiye aliyenipa jina hilo, na mume wangu kabla hajafariki naye alikuwa ananiita hivyo.

Ukutani wamebandika tangazo kwamba hospitali imehamia kwenye wingu. Dada wa dirishani akatueleza. Mwaka jana mvua iliingia chumba cha mafaili, karatasi za wagonjwa zikawa uji. Sasa habari zote ziko kwenye kompyuta, na kompyuta zenyewe haziko pale, ziko mbali kwa kampuni, hospitali inalipia nafasi tu.

"Kwa hiyo mmepanga chumba kwa watu," Mama Pindo akasema, "na mambo yetu ya ndani mmeyaweka humo."

"Chumba kina kufuli, mama," dada akasema. "Na majibu mtayapata kwa simu. Hamna kuja kukaa foleni tena."

Akaomba namba. Binti yangu kabadilisha laini na hajaikariri mpya. Mkwe hana simu tangu ile yake idumbukie kwenye ndoo. Ya Mama Pindo iko kwa fundi. Nikasema, andika yangu kwa wote, hawa ni wangu. Akaandika. Nikajisikia mtu mzima, mwenye nyumba kubwa.

Jumapili, 9 Machi

Kichwa chepesi. Nimefua.

Alhamisi, 13 Machi

Mvua imeanza. Si ya kutisha.

Jumanne, 18 Machi

Mvua ya tangu juzi haijakata. Maji yalikuwa yanaingia chumba cha nyuma wanapolala mwanangu na mkwe. Mwanangu ni mwashi, akapanga matofali na saruji, akajenga kaukuta kafupi nyuma ya nyumba. Maji yamegoma kuingia. Nimemsifu. Mkwe alikaa kitandani na miguu juu kama mgeni. Mkwe wangu huyu sijui nimsemeje. Ukimtuma anakwenda, usipomtuma anakaa. Amekaa nyumbani kwangu mwaka wa pili sasa na bado sijui sauti yake ya kucheka ikoje.

Alhamisi, 20 Machi



Maji yaliyozuiwa kwetu yamekwenda kwa Mama Pindo. Hatukufikiri. Yameingia chumba chake cha kushonea usiku wa jana, yeye amelala, na sare za shule alizopewa kushona zilikuwa zimepangwa chini kwenye maboksi. Asubuhi nikasikia ananiita, si kwa utani. Nikatoka. Alikuwa amesimama kwenye tope na mafungu ya nguo mikononi, rangi ya buluu inamchuruzika mpaka kwenye viwiko.

"Njoo uone kazi ya mwanao," akasema.

Ningesema pole. Neno lenyewe lilikuwa mdomoni. Lakini watu walishaanza kutoka kwenye milango yao, na mimi mbele za watu nikisemwa kuhusu wanangu huwa sioni vizuri. Nikasema mwanangu alikuwa anamkinga mke wake, angefanyaje.

Akasema, "Wewe ukishawaweka wako pakavu, wengine tuzame."

Nikamwambia mtu asiye na mtoto hawezi kujua.

Mvua ilikuwa inatunyeshea sote wawili. Akageuka, akaingia ndani, akafunga mlango taratibu kabisa, kama mtu anayefungia mtoto aliyelala.

Ijumaa, 21 Machi

Presha imepanda. Sikutoka.

Jumapili, 23 Machi

Tumekutana bombani. Ameteka maji, ameondoka. Hata chura angesalimiwa.

Mwanangu ameondoka kwenda kwenye ujenzi mbali, atarudi mvua zikipungua. Nilimwambia kabla hajaenda avunje ule ukuta. Akasema, "Mama, nikivunja mke wangu analala kwenye maji." Nikamfungia chakula cha njiani.

Jumatano, 26 Machi

Ujumbe umeingia kwenye simu wakati napika. Nimeusoma polepole, halafu nikausoma tena, halafu nikazima jiko.

Unasema hivi, nanakili: Ndugu mteja, majibu ya kipimo chako cha mlango wa kizazi yanahitaji ufuatiliaji wa haraka. Fika kliniki ya wanawake mapema iwezekanavyo.

Jina hamna. Namba ni yangu. Na namba yangu ina watu wanne.

Alhamisi, 27 Machi

Nimekwenda hospitali na mvua. Dada wa dirishani alikuwa amezungukwa na watu kama mtu anayewamwagia kuku punje. Mtandao ulikuwa umekatika. Mvua ikizidi, unakatika, na ukikatika hakuna anayeweza kufungua chochote kwa sababu pale hapana kitu, vyote viko huko mbali. Daktari mmoja alikuwa anatembea koridoni anasema, "Kwa hiyo nimtibu kwa kumkumbuka?"

Nisiwe mwongo lakini. Mwanamke niliyekaa naye benchi amenieleza mtoto wake alizidiwa wakiwa safarini, hospitali nyingine kabisa wakafungua picha za kifua chake zilizopigwa hapa, papo hapo, wakajua la kufanya. Alikuwa anaupenda huo mfumo wao kama ndugu yake. Nilimsikiliza, lakini moyo wangu ulikuwa kwenye simu.

Mtandao uliporudi dada akaandika namba yangu. Akasema, "Mama, ni wewe."

"Si lazima. Tulikuja wanne."

"Mimi naona mtu mmoja. Hili hapa jina lako, na vipimo vinne."

"Mimi ningepimwa mara nne siku moja, ningetoka nikitembea?"

Akamwita kijana wa kompyuta. Kijana mpole, macho mekundu, inaonekana halali. Akatazama, akakuna shingo. Akanieleza kwamba walipohamisha habari, mfumo uliambiwa mtu ni namba ya simu. Namba moja, mtu mmoja. Sisi wanne tukaunganishwa tukawa mimi. Sampuli zilipimwa maabara nyingine nje, majibu yakarudi moja kwa moja huko mbali, yakaingia kwangu yote. Matatu mazuri, moja baya.

"Lipi la nani?"

"Ndiyo hilo, mama. Nimewaandikia kampuni watenganishe. Wanasema ombi limepokelewa."

"Na mgonjwa naye apokelewe na nani?"

Nikamwonea huruma, ana umri wa mwanangu. Akasema njia ya haraka ni wote wanne turudi, tupimwe upya, safari hii kila mtu na namba yake.

Wote wanne.

Ijumaa, 28 Machi

Nimewaza nigonge kwa Mama Pindo. Nimefika mpaka kwenye lile dimbwi katikati. Nitamwambiaje? Wiki iliyopita nimemwambia hana mtoto, wiki hii niende kumwambia huenda kizazi chake kina ugonjwa? Atasema namwombea mabaya. Watu watasema. Nimerudi.

Nitaanza na wa ndani. Mimi kwanza.

Jumanne, 1 Aprili

Nimepimwa. Nimepanda, nimetazama dari, nimeshuka. Dari ina doa la unyevu lenye umbo la sikio.

Jumatano, 2 Aprili

Mvua.

Alhamisi, 3 Aprili

Mvua. Nimewatazama. Binti yangu anakuja jioni akitoka kazini, anaosha magari ya kampuni. Amekonda shingo. Nilidhani ni kazi. Sasa kila kitu nakiona kipya. Akishika kiuno, moyo wangu unaruka. Mkwe amebakiza chakula. Amebakiza jana pia.

Jumatatu, 7 Aprili

Mimi mzima. Wamenipigia kwa sauti ya mtu, siyo ujumbe, kijana wa kompyuta amewaambia wafanye hivyo. Mtu mwingine angefurahi. Mimi nimekaa kwenye kigoda nikalia. Ningekuwa mimi, yangekuwa yameisha.

Jumanne, 8 Aprili

Nimemwambia binti yangu. Alikuwa anakunywa chai, ameiweka chini.

"Tangu lini unajua?"

"Hata wiki mbili hazijatimia."

"Na unanipikia chai."

"Ningefanya nini, mwanangu, nikupikie sumu?"

Hakucheka. Akasema haendi. Nikamuuliza kwa nini. Akasema kazi. Nikamuuliza tena. Akasema, "Mama, acha." Nikamuuliza tena, maana mimi nikishika kitu ndiyo hivyo. Basi akaniambia. Mwaka jana mimba ilitoka, katikati ya siku za joto, na hakumwambia mtu isipokuwa mume wake. Alikwenda akasafishwa, akarudi kazini kesho yake. Hakutaka kupanda kitanda kile tena, na ile siku ya vipimo bure alipanda kwa sababu Mama Pindo alikuwa anamchekesha kupitia pazia.

Nilikuwa wapi? Nilikuwa hapahapa. Kila jioni namuuliza umekula, umevaa sweta, na hilo sikuliuliza.

Jumatano, 9 Aprili

Tumekwenda naye. Nimesimama nje ya pazia. Nilijaribu kumchekesha, sikujua niseme nini. Nikasema dari ina sikio. Nikasikia anasema, "Naliona."

Alhamisi, 10 Aprili

Mvua kubwa. Ukuta wetu umesimama imara. Maji yote kwa yule. Nimemwona kupitia dirisha anayatoa kwa beseni, anainama, anasimama ameshika mlango, anainama.

Ijumaa, 11 Aprili

Naandika kitu ambacho sipendi kukiandika, lakini daktari alisema nini kimenisumbua roho, basi ni hiki.

Nimeomba. Nimepiga magoti nikasema, Mungu, kama lazima awe mmoja kati yetu, mimi umeshanikataa, basi asiwe mwanangu. Na asiwe mkwe, mwanangu atabaki na nani. Sikutaja aliyebaki. Lakini tulikuwa wanne, na Mungu anajua kuhesabu.

Jumatano, 16 Aprili

Binti yangu mzima. Amenipigia mwenyewe kutoka kazini, nyuma yake nasikia maji yanapiga mabati ya magari. Amesema, "Mama, niko salama," halafu hakuna kati yetu aliyekata simu.

Alhamisi, 17 Aprili

Nimemwambia mkwe. Nilijiandaa kwa maneno mengi. Nilidhani atanuna, au ataogopa mumewe asije akajua, au atasema kwao hawana ugonjwa huo. Akasema, "Sawa, mama. Twende lini?"

Nikasema kesho.

Akasema, "Umebeba hili peke yako siku zote hizi?"

Hakuna aliyeniuliza swali hilo mpaka yeye.

Ijumaa, 18 Aprili

Tumekuta kumefungwa, sikukuu. Tumerudi tumelowa. Mkwe kateleza kwenye tope, kakaa chini kabisa, na kacheka. Sauti yake ya kucheka ni nzito kama ya mwanaume. Nikacheka na mimi.

Jumanne, 22 Aprili

Amepimwa. Njiani ameniambia kwa nini anabakiza chakula. Anapeleka kwa Mama Pindo. Tangu zile sare zilowe, amekosa kazi, na anasema hapiki kwa sababu jiko lake liko kwenye maji. Mkwe huwa anapita nyuma, juu ya ule ukuta, anamwekea dirishani. "Sikukuambia mama kwa sababu mmegombana. Nilijua ukiniuliza nitasema."

Na mimi nilikuwa nahesabu matonge yake.

Nimemuuliza yukoje. Akasema, "Amechoka. Anakaa sana."

Jumatano, 23 Aprili

Mvua.

Alhamisi, 24 Aprili

Mtandao umekatika hospitalini siku nzima. Majibu hamna.

Ijumaa, 25 Aprili

Mkwe mzima.

Nimemkumbatia mpaka akasema, "Mama, presha yako." Nimemshukuru Mungu kwa sauti. Halafu nimesimama katikati ya chumba na mikono bado iko juu. Amebaki mmoja.

Jumamosi, 26 Aprili

Sikwenda. Nilijiambia mvua.

Jumapili, 27 Aprili

Jana nilisema mvua. Leo hakukunyesha.

Jumatatu, 28 Aprili

Nimekwenda. Naandika yote kama yalivyokuwa, nisije baadaye nikajipendelea.

Nilipita juu ya ule ukuta kama anavyopita mkwe. Mlango wa chumba cha kushonea ulikuwa wazi, maji yameacha mstari ukutani usawa wa goti. Cherehani ameipandisha juu ya meza. Alikuwa anashona amesimama, mkono mmoja anazungusha gurudumu, kwa sababu kiti chini kinazama.

"Hodi."

"Umekuja kupima maji yamefika wapi?"

"Nimekuja na ujumbe wako."

Nikampa simu. Akachukua miwani, akaifuta kwenye gauni, akasoma. Yeye anasoma haraka. Alimaliza, lakini hakunirudishia. Alikuwa anatazama juu, pale wanapoandika tarehe.

"Hii ni ya mwezi wa tatu."

"Ndiyo."

"Umepima wewe."

"Ndiyo."

"Na binti."

"Ndiyo."

"Na mkweo. Niliwaona mnatoka pamoja mmeshikana mikono, nikadhani ana mimba. Nikafurahi peke yangu hapa." Akaweka simu mezani kati yetu. "Halafu ndiyo mimi."

"Nilianza na wa kwangu."

"Na mimi nilikuwa wa nani, siku ile dirishani?"

Nikasema niliogopa atasema namwombea mabaya.

"Ungeniacha niseme. Maneno mangapi nimekwambia miaka yote hii, na hujafa?"

Ningependa aseme kwa hasira. Alisema kwa uchovu, na huku anakata uzi kwa meno kama kawaida, na mkono wake ukaenda tumboni chini, ukabaki hapo.

"Damu inanitoka," akasema. "Tangu kabla ya mvua. Nilidhani ni umri unaaga. Nikasema, hata hivyo majibu yatakuja, wangekuwa wameona kitu wangeniambia. Nilikuwa nasubiri simu yako ilie."

Nikapiga magoti palepale kwenye unyevu. Akaniambia, "Inuka, Bi Wasiwasi, utaugua na wewe, na zamu ni yangu."

Aliniita Bi Wasiwasi. Lakini hakutabasamu.

Jumanne, 29 Aprili

Nimekwenda naye. Alitembea mbele, mimi nyuma. Dada wa dirishani aliponiona alifahamu, akamwita kijana wa kompyuta. Kijana alikuja akasimama mbele ya Mama Pindo, mikono nyuma kama mwanafunzi, akasema kampuni imejibu jana, wametutenganisha. Kila mtu sasa ana lake. Akasema, "Samahani, mama. Sikufikiri kwamba watu wanne wanaweza kuwa na simu moja."

Mama Pindo akamwambia, "Baba, huku kuna mitaa mizima yenye simu moja. Ungeuliza."

Akatoa namba yake, simu imeshatoka kwa fundi. Dada akauliza na mtu wa kupigiwa kukiwa na lolote, ndugu au rafiki. Nilisogea. Nilishaanza kufungua mdomo.

"Andika hakuna," akasema.

Dada akanitazama. Nikatazama tangazo lao la wingu mpaka herufi zikaungana.

Jumatano, 30 Aprili

Daktari amemkata kinyama kidogo kukipima. Ameuliza damu imetoka kwa muda gani. Alipoambiwa, akasema, "Wiki hizi za katikati sizipendi." Nilikuwa mlangoni. Alisema kwa Mama Pindo lakini neno lilinifikia mimi.

Ijumaa, 2 Mei

Mwanangu amerudi. Nimemwambia yote, na ya maombi yangu pia. Alikaa. Halafu akachukua nyundo, akaenda nyuma, akavunja ukuta. Mkwe alikuwa anamwokotea matofali.

Jumapili, 4 Mei

Maji yamekuja kwetu. Godoro limelowa. Hakuna aliyelalamika. Mwanangu ameanza kuchimba mfereji katikati ya nyumba mbili uende mpaka barabarani. Mama Pindo alitoka akatazama, akamwambia, "Huku juu ongeza upana, mwanangu, huku ndiko yanakotoka." Alimwambia yeye. Mimi alinitikisia kichwa tu, kwa salamu.

Alhamisi, 8 Mei

Majibu yamekuja kwenye simu yake. Sikuwepo. Mkwe ndiye aliyeniambia. Ni saratani yenyewe. Watamtoa kizazi, na wakishafungua ndiyo wataona imefika wapi.

Nimekaa jikoni. Nilichomwambia kwenye mvua mbele za watu kinanirudia kwa sauti yangu mwenyewe.

Ijumaa, 9 Mei

Nimemwomba msamaha kwa lile neno. Nimekwenda peke yangu, bila simu, bila chakula, bila kisingizio. Alikuwa anashona kitambaa cheupe. Akasema, "Uliona watu wanatazama, ukapiga pale panapouma. Najua unavyopiga. Sikujua utanipiga mimi." Nikasema najua. Akasema, "Sijakusamehe bado. Shika hapa nikate." Nikashika kitambaa, akakata.

Jumatatu, 12 Mei

Mvua ya manyunyu. Nimeshika kitambaa.

Jumanne, 13 Mei

Nimeshika kitambaa. Ameniambia mimi hushika kama mtu anayeogopa kukichafua.

Alhamisi, 15 Mei

Naandikia kwenye benchi la hospitali, daftari liko mapajani. Jua limetoka, sakafu inang'aa, wamepiga deki.

Tumekuja wote, mimi, binti yangu ameomba ruhusa kazini, na mkwe. Wamempeleka ndani tangu asubuhi. Kabla hawajamsukuma, nesi alimwambia aache vitu vya thamani kwa ndugu. Akasema hana pete wala mkufu, ana simu. Akatutazama mmoja mmoja pale tulivyopangana. Nikashusha macho, nisimlazimishe.

Akaniita mimi. Siyo jina la utani, wala la mtaani. Jina langu lenyewe, ambalo nilikuwa sijalisikia mdomoni mwake miaka.

"Shika," akasema. "Wanasema majibu mengine yanaweza kuingia hata nikiwa bado nimelala. Ukiingia ujumbe, usiusome. Usimsomee mtu. Nikifungua macho, nikukute umesimama hapo, unipe."

Nikasema nitafanya hivyo.

"Sijauliza utafanya nini. Nimekwambia."

Wakamsukuma. Mlango ukajifunga wenyewe.

Binti yangu amekwenda kutafuta maji ya kunywa. Mkwe ameegemea bega langu, nadhani anasinzia. Daktari bado hajatoka.

Simu imetetemeka sasa hivi, mara moja. Mkwe amefungua macho. "Mama, ni hospitali?"

Nimemwambia sijui. Naandika kwa mkono wa kulia. Wa kushoto umefunika kioo.